Mashini Iliyozikwa na Mawese

Mwenye duka alifikiri nimesinzia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, katikati ya soko la Kasongo, macho nimeyafumba na mikono nimeiweka magotini, huku yeye akijiandaa kuendesha mashini mpya ya kushona mbele yangu ili nione inavyokimbia.

"Mama, ufungue macho," akaniambia. "Utanunua namna gani bila kuangalia?"

Nikamjibu kwamba macho yangu hayana kazi pale, yeye aiwashe tu. Akaiwasha. Ilikuwa mashini ya mota, nyeupe, imeunganishwa kwenye betri ya sola, na ilipoanza kupiga, ta-ta-ta-ta-ta, jasho lilinitoka mgongoni na miguu yangu ikasimama kabla mimi mwenyewe sijaamua kusimama. Nilijikuta nje, kwenye tope, kiatu kimoja kimebaki dukani. Wauza samaki waliokuwa karibu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilirudi kuchukua kiatu changu bila kumtazama mtu, na kimoyomoyo niliwatukana wote, kuanzia mwenye duka hadi samaki wao.

Nilijiambia kwamba nimekimbia kwa ajili ya mama. Mashini yenye sauti ile haiwezi kuingia katika nyumba anamoishi mama yangu.

Asili yetu ni upande wa Kabambare, kijiji cha wakulima si mbali na Wamaza. Tulifika Kasongo kwa miguu wakati wa vita, mimi na mama, bila baba. Siku ile risasi zilipoanza kulia, mama alinishika mkono tukatokea mlango wa nyuma. Baba alibaki amesimama mlangoni. Alikuwa mtu wa kupima mambo, hakuna alichokifanya kwa pupa, na siku hiyo pia alitaka kujua kwanza zinalia upande gani na ni za nani. "Mutangulie," alisema, "miye ninasikiliza kidogo." Hatukumwona tena.

Tangu hapo mama aliweka sheria, na sheria hiyo haikubadilika hata tulipopata kiwanja mjini tukajenga: ukisikia, usisikilize. Toka kwa nyuma, nenda kwenye migomba, ngoja hapo. Familia nyingi zilizotoka upande wetu zina mahali pao pa kukutania, wengine kijitoni, wengine nyuma ya shule, na hata watoto waliozaliwa mjini wanapafahamu. Sisi kwetu ni migomba iliyo mwisho wa shamba letu la mihogo, ng'ambo ya mtaro usiokauka. Nyuma ya mlango kuna kifurushi cha mama, kikwembe kimoja, chumvi, kiberiti na sufuria ndogo, na ole wake atakayekisogeza akifagia.

Na mama alikuwa akitoka kweli. Pikipiki ikikohoa barabarani, alitoka. Seremala akianza kupigilia misumari, alitoka. Msimu mmoja wa mvua aliteleza njiani akaangukia mtaroni, na nilipompata midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Homa iliyofuata nusura inichukulie mama. Muuguzi aliniita pembeni akaniambia kwamba akianguka tena namna ile, nisitegemee kwamba atainuka. Kuanzia siku hiyo kila sauti kali ilikuwa adui yangu. Nilikuwa nakwenda kwa majirani kuwaomba wasitupe mabati chini, na wao walianza kunikwepa.

Sasa utauliza, mtu kama huyo anatafuta mashini ya nini? Ni kwamba vidole vyangu vilikuwa vinakufa.

Kazi yangu ni kushona mafuniko ya kulalia. Juu naunganisha vipande vya vikwembe ambavyo mafundi wa nguo wa sokoni wananiuzia, katikati naweka blanketi kuukuu, chini shuka, halafu nashona mistari kupita tabaka zote tatu ili zisitembeane. Wakati wa kiangazi asubuhi za kwetu zina baridi, na mama mwenye mtoto mchanga anafurahi kuletewa funiko kama hilo. Kazi hiyo ndiyo imetulisha. Lakini kuichoma sindano katika unene ule, miaka nenda miaka rudi, kumenimaliza. Siku moja niliona damu kwenye kitambaa cheupe, nikaangalia huku na huku nani ameumia, kumbe ni mimi. Sindano ilikuwa imezama kidoleni na sikuisikia. Niliketi nikaitazama mikono yangu kwa woga, maana sikujua kazi nyingine.

Nilijaribu mashini ya jirani. Funiko likikunjwa lina unene wa mto wa kulalia, na kati ya sindano na nguzo ya mashini kuna nafasi ya kupitisha blauzi tu. Fundi anayetengeneza mashini pale sokoni, mzee wa ulimi mkali kuliko wangu, alikuja akaona ninavyosukuma na kuvuta.

"Hii ni ya kushona nguo ya mutu," alisema. "Weye unaingizamo tembo."

Ndiye aliyeniambia kwamba ninachohitaji ni mashini yenye mkono mrefu, ule upande wa juu unaobeba sindano, ili funiko zima lipate pa kulala chini yake. Kasongo yote, alisema, hajaiona. Lakini Kabambare alikuwako mtu aliyeshona mabashi, yale maturubai ya kufunika mizigo ya malori, zamani malori yalipokuwa bado yanafika huko. Mwenyewe amekufa, mjane wake bado anayo mashini. Tena ni ya kuzungusha kwa mkono, haina mota.

Kabambare. Fundi alilitaja jina hilo kama mtu anayenielekeza duka la chumvi. Nilikuwa sijarudi upande ule tangu tulipotoka.

Nilichelewesha safari kwa kila kisingizio. Mvua, kisha mihogo ya kumenya, kisha jino. Mwishowe ni vidole vilivyonisukuma. Nilimwomba jirani mmoja, mama mtaratibu asiyependa kelele, akae na mama yangu. Mama sikumwambia ninakoenda, nilisema nafuata vitambaa. Akaniangalia nikivaa, akaenda nyuma ya mlango, akaleta kifurushi chake na kunitia mikononi.

"Ubebe," alisema. "Njia ni njia."

Nilikibeba. Nilikipakata njia nzima.

Motari aliyenichukua alikuwa na tabia ya kuzima pikipiki kwenye miteremko ili apunguze kula mafuta. Naye alifurahia ukimya ule, akapiga mluzi. Mimi niliuchukia. Pikipiki ikinguruma sisikii kitu kingine, lakini ikinyamaza masikio yangu yanakwenda msituni yenyewe, yanachakura kila jani linalotikisika. Nilimwambia awashe. Akasema mafuta ni yake. Nikamwambia roho ni yangu. Aliwasha, akanuna hadi Wamaza. Baada ya hapo tulipita njia panda ya kijiji chetu. Niliijua bila kuambiwa, kwa mwinamo wa barabara tu, na nikageuza uso upande wa pili nikaikazia macho nyasi.

Mjane nilimkuta akianika mpunga. Alikuwa mrefu, mkavu, si mtu wa maneno mengi, akanipa maji na kiti kabla ya kuniuliza shida yangu. Nilipoieleza aliingia ndani akaivuta mashini kutoka chini ya kitanda, imefungwa katika kipande cha bashi la kijani. Ilikuwa nyeusi, nzito, na mkono wake ulikuwa mrefu kweli kweli. Nilipitisha chini yake kikwembe changu nilichokikunja pamoja na blanketi la mjane, vikapita, na nafasi ikabaki.

Alinisimulia kwamba vita vilipoanza, mumewe aliizika nyuma ya jiko. Kabla ya kuizika aliipaka mawese kila mahali, ndani na nje, ili isishike kutu. Hapo ndipo nilipojua ni mashini ya kwetu hasa. Sisi watu wa huku tunayapa mawese kazi zote: tunapikia, tunajipaka ngozi, tunapaka panga, tunapaka mnyororo wa baiskeli. Nani angefikiri kwamba ndani ya mashini yataganda hadi kuwa kama ulimbo? Walipoifukua ilikuwa imekaza, na walifanyaje? Wakaiongezea mawese.

"Inatembea," mjane alisema, "lakini polepole. Kama mugonjwa."

Nikafumba macho. "Uizungushe, mama."

Hakuniuliza kwa nini. Alizungusha gurudumu kwa nguvu, nikasikia: dup. Kisha dup. Kisha dup, nzito na laini, kama mtu anayetwanga sombe, majani ya mihogo, katika ua wa jirani. Niliendelea kungoja woga uje, mgongo nimeukaza tayari kuupokea. Haukuja. Machozi yalianza kunitoka, nikaona haya, mwanamke mzima nalia mbele ya chuma cha mtu.

"Na miye pia sipendi makelele," mjane alisema, akaendelea kuzungusha.

Tulipatana bila kuvutana. Aliifunga tena katika bashi lile lile na motari akaikaza kwenye pikipiki, nyuma yangu, kwa mpira. Ilinibana kiunoni kila tuliporuka shimo. Nilikuwa na furaha, naikumbuka, na furaha hiyo ilidumu mpaka kwenye bariere ya kwanza ya wanajeshi.

Mwanajeshi aliyekuwa pale alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Alipapasa ule mzigo. Chuma. Akapapasa tena, akaufuata mkono wa mashini kwa kiganja, mrefu, mgumu, umeviringishwa katika bashi la kijani, na nikaona uso wake ukibadilika. Hapo ndipo na mimi nilipoona tumefunga nini nyuma ya pikipiki, mtu angeapa ni bunduki. Motari alishuka, akasogea kando, akawa kama hanijui.

"Ni nini hii?"

Najua kujibu watu, muulize motari, lakini pale ulimi ulikauka. Nilionyesha ishara ya kushona kwa vidole vyangu visivyosikia. Aliniamuru nifungue, na mafundo yakanishinda, ikabidi ayafungue yeye. Alipoona sindano alipumua kwa nguvu, na pumzi ile ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu nilielewa kwamba na yeye alikuwa ameogopa. Alizungusha gurudumu mara moja, dup, akatikisa kichwa. "Mama, siku ingine uache hiki kichwa wazi," alisema, akanisaidia kuifunga vizuri, mkono wa mashini ukiwa nje. Mbele huko niliomba tusimame nikatapika.

Nyumbani niliiweka kwenye meza ya chumba cha mbele nikashona mstari wa kwanza. Mama alikuwa chumbani kwake. Nilishona kidogo, nikasimama, nikategea sikio. Nikashona tena.

"Nani anatwanga?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Ni miye, mama."

"Utuwekee na pilipili."

Nilicheka peke yangu, mkono mdomoni. Kwa wiki kadhaa tuliishi hivyo, mashini ikitwanga na mama akilala usingizi wake wa mchana, na mafuniko yakaanza kumalizika kwa wakati. Lakini asubuhi za kiangazi zikawa za baridi zaidi, na mawese kwenye baridi yanashikana. Gurudumu likawa zito. Siku moja liligoma kabisa. Nikamwita fundi.

Alikuja mchana na mkoba wake. Alipofungua na kuona ule ulimbo mwekundu alishika kichwa. "Mumeilisha sombe, hii si mashini tena!" Nilimwacha akiendelea kutulaani sisi na ukoo wetu, nikaenda jikoni kumchemshia chai. Sikumwambia kuhusu sauti. Wala sikuwaza kwamba sauti ile ninayoipenda ilikuwa ni uchafu wenyewe. Alimimina mafuta ya taa katika kila tundu, akafuta, akachokonoa kwa unyoya wa kuku, akafuta tena, akatia mafuta mepesi ya mashini. Kisha, kwa kujivunia kazi yake, akazungusha gurudumu kwa nguvu zake zote.

Ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta.

Birika lilinianguka. Niliganda pale jikoni, maji ya moto yakitiririka kando ya miguu yangu, na nilipoweza kutembea nilikimbilia chumba cha mama. Kitanda kitupu. Mlango wa nyuma wazi. Kifurushi hakipo.

Nilipita katika mihogo nikiita. Niliangalia mtaroni kwanza, na sitaki kusema niliona nini akilini kabla ya kuona kwamba hamna mtu. Nilifika kwenye migomba sina pumzi. Mama alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake, mgongo ameuegemeza kwenye mgomba, miguu ina tope hadi magotini, mzima. Aliniangalia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Umekawia," alisema. "Kama baba yako."

Nilipiga magoti pale pale kwenye majani makavu. Nikamwambia ni mashini, mama, ni ile mashini inayotwanga, fundi ameisafisha na sauti imebadilika. Nikamwambia nitaiuza kesho. Aliniacha niseme yote.

"Nani njo anaipiga?"

"Fundi."

"Yeye mwenyewe, na mukono?"

"Ndiyo, mama."

Akanyoosha mkono nimwinue. Tuliingia ndani, tope na yote, na fundi, ambaye alikuwa amesimama katikati ya chumba na kitambaa chake bila kujua amekosa nini, alimpisha. Mama aliikagua mashini. Akaushika mkono wa gurudumu, akauzungusha kidogo. Ta. Akaacha. Alingoja, kichwa amekiinamisha. Akazungusha tena. Ta. Akaacha, na safari hii alingoja muda mrefu zaidi.

"Nikiacha, inaacha," alisema.

"Ndiyo, mama," fundi alijibu, mzee yule wa ulimi mkali, kwa sauti ya mtoto wa katekisimu.

Kumbe hivyo ndivyo kazi ile ilivyotaka tangu mwanzo. Funiko ni zito, linahitaji mikono miwili ya kuliongoza, na mimi nilikuwa nahangaika, mmoja kwenye gurudumu na mmoja kwenye nguo. Tangu siku hiyo mama anazungusha na mimi naongoza. Kabla ya kila mstari anauliza, "Tayari?", na haanzi mpaka nijibu. Nilifikiri shida imekwisha. Nilishona bega langu likiwa limegusana na la mama, nikihesabu kwamba nimemponya, na kwa nini nisiseme, nilijisifu kidogo hata kwa majirani.

Halafu ikaja siku ya ngazi. Ndivyo tunavyoziita chikichi. Tulikuwa katikati ya funiko la bibi harusi, mchana, jua kali. Ghafla, nyuma ya ukuta, ta-ta-ta-ta-ta-ta, si kwenye meza yetu, nje, karibu, nyingi. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka kifurushi mkononi, majani ya mihogo yakinipiga usoni, na migomba. Nilikaa chini mahali pale pale alipokaa mama, nikakumbatia magoti, nikamngoja.

Hakuja.

Nilingoja na woga ukaniingia mpaka kwenye meno, kwa sababu sasa nilikuwa mimi ndiye niliyetangulia, na yeye ndiye aliyebaki mlangoni. Sikuweza kurudi, na sikuweza kuendelea kukaa. Kisha nikasikia, kutoka nyumbani, ta. Kimya. Ta. Kimya. Taratibu, kama mtu anayemwita mtu.

Nilirudi nikishika mashina ya mihogo njiani. Jirani alikuwa uani kwake, anamwaga kikapu kingine cha ngazi juu ya bati ili zikauke. Alinipungia mkono. Ndani, mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono kwenye gurudumu, na funiko la bibi harusi limejivuta upande peke yake, mstari umepinda hadi pembeni.

"Mama, hukusikia?"

"Nilisikia."

"Na hukutoka?"

"Nilisikiliza kwanza," alisema mama yangu. "Ni ngazi."

Nilisimama na kifurushi chake kifuani, tope miguuni, na duka la sokoni likanirudia, kiatu changu kimoja mkononi. Mama hakuwa dukani siku ile. Wala hakuwa kwenye pikipiki; niliyeogopa nilikuwa mimi.

Alikitazama kifurushi, akanitazama mimi. Alisogeza kiti changu kwa mguu.

"Kamata nguo, imepinda," alisema. "Tayari?"

Sikuwa tayari. Alingoja, mkono kwenye gurudumu, mpaka nilipokuwa tayari.